Kuungama Dhambi na Kupewa Ushauri: Milango Miwili, Neema Moja

SOMO LA VIKUNDI VYA USHARIKA

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 12:1–14, 1 Wafalme 19:1–8, Yohana 9:1–3.

Walengwa: Wazee wa kanisa, wainjilisti, viongozi wa vikundi vya wanawake na vijana, na wote wanaotembelea wagonjwa majumbani.

Lengo: Baada ya somo hili msomaji aweze kutofautisha maungamo na ushauri nasaha, ajue ni nani anahitaji kipi, na ajue mipaka ya siri katika kila kimoja.

Utangulizi



Katika ukanda wetu wa ziwa, kuanzia Ipyana na Kyela mjini hadi Matema, mtu akilemewa na jambo mara nyingi humwendea kwanza mtu wa kanisa. Wengine huenda kwa mchungaji. Wengi zaidi huenda kwa mzee wa kanisa aliye jirani, kwa sababu mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na wakati wa masika njia zetu hazipitiki kirahisi.

Anayekuja anaweza kuwa mume aliyeuza kakao ya familia na kumaliza fedha zote kwa pombe. Anaweza kuwa mjane anayeambiwa na ndugu wa marehemu aondoke shambani. Anaweza kuwa kijana aliyepima na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Anaweza kuwa binti wa miaka 15 aliye mjamzito. Wote wanne wanaweza kuanza kwa maneno yale yale: "Baba, nina jambo linanisumbua moyoni."

Maneno ni yale yale, lakini mahitaji si yale yale. Mmoja amekuja na hatia, wengine wamekuja na jeraha. Msikilizaji asipotofautisha, anaweza kumtubisha aliyeonewa na kumbembeleza aliyeonea. Wote wawili wataondoka bila kusaidiwa. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Watu wawili katika Biblia

Tuanze na Daudi. Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwendea mfalme aliyemchukua mke wa Uria na kupanga kifo cha Uria mwenyewe. Nathani hamuulizi Daudi kama analala vizuri au kama kazi ya ufalme imemchosha. Anamweleza habari ya tajiri aliyenyang'anya mwana-kondoo wa maskini, kisha anamwonyesha kuwa mtu huyo ni yeye. Daudi anakiri kuwa amemtenda Bwana dhambi. Hapo ndipo Nathani anapomtangazia kuwa Bwana ameiondoa dhambi yake, ingawa matokeo ya tendo lile yanabaki. Hayo ni maungamo.

Sasa tumtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Amekimbia kuokoa maisha yake, amechoka, ameketi chini ya mti jangwani na anaomba afe. Angekuja kwetu leo, pengine tungemwambia kuwa ana imani haba na atubu. Mungu hakufanya hivyo. Alimwacha alale, akamtuma malaika amwamshe na kumpa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala. Sababu iliyotajwa ni kwamba safari iliyo mbele yake ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Baadaye tu ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, akampa kazi na mwenzake wa kusaidiana naye. Huo ni mfano mzuri wa ushauri.

Mungu ni yule yule, na neema ni ile ile. Lakini Daudi asingeponywa kwa mkate, na Eliya asingeponywa kwa kukemewa.

2. Kuungama ni nini?

Kanisa letu la Kilutheri limepokea mafundisho haya tangu wakati wa Matengenezo. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni mtu kukiri dhambi zake. Ya pili ni kupokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, bila kuwa na shaka. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, lilisisitiza kuwa ondoleo la mtu binafsi lidumishwe katika kanisa, lakini mtu asilazimishwe kutaja dhambi zote moja moja.

Ndugu zetu Wakatoliki wanayo sakramenti ya kitubio, na tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 muumini alitakiwa kuungama angalau mara moja kwa mwaka. Kwetu Walutheri wengi tunajua zaidi maungamo ya pamoja katika ibada. Hata hivyo, mlango wa kuungama faraghani kwa mchungaji haujafungwa kamwe, ingawa wengi wetu hatuutumii.

Kiini cha maungamo si kueleza habari ndefu. Kiini ni lile ondoleo. Mtu anasema, "Nimetenda hili," naye anatangaziwa msamaha kwa ajili ya Kristo. Ondoleo likisha kutangazwa, mchungaji hana ruhusa ya kulirudia jambo lile barabarani au mimbarani.

3. Ushauri nasaha ni nini?

Ushauri ni mazungumzo ya faragha ambamo mtu anasaidiwa kuiona hali yake vizuri, kupima njia zilizopo na kuamua mwenyewe. Wazee wetu walishauri tangu zamani. Lakini kama huduma yenye mafunzo maalumu, ushauri wa kichungaji umekua zaidi katika karne ya 20. Mwaka 1925 Mchungaji Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua ugonjwa wa akili, alianza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Worcester, Marekani. Alitaka wajifunze kwa kuwasikiliza wagonjwa na si kwa vitabu peke yake. Mafunzo ya namna hiyo yamefika hata kwetu, katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Kwa wananchi wengi, maneno "ushauri nasaha" yalizoeleka kwa sababu ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilipoenea miaka ya 2000, watu walianza kuona kuwa kuna msikilizaji ambaye hahukumu wala hahubiri. Huuliza, husikiliza, hueleza ukweli, na humwachia mtu uamuzi.

4. Tofauti kuu

(a) Kinacholetwa. Katika maungamo mtu analeta alilolitenda. Katika ushauri analeta lililompata, au uamuzi unaomshinda.

(b) Neno la mwisho. Katika maungamo neno la mwisho ni ondoleo, nalo linatoka kwa Mungu kupitia kwa mtumishi wake. Katika ushauri neno la mwisho ni la yule aliyekuja. Mshauri hamwamulii mtu aolewe au asiolewe, arudi kwa mumewe au asirudi.

(c) Muda. Maungamo yanaweza kwisha kwa saa moja, na dhambi iliyosamehewa haidaiwi tena. Ushauri unaweza kuchukua miezi, kwa kuwa jeraha halifungi kwa siku moja.

(d) Anayehudumu. Kwa utaratibu wetu, ondoleo hutangazwa na mchungaji. Ni kweli kuwa Yakobo 5:16 inatufundisha kuungamiana sisi kwa sisi, na Mkristo yeyote anaweza kumkumbusha mwenzake ahadi za Mungu. Ushauri unaweza kutolewa na mtu yeyote aliyefundishwa, awe mchungaji, muuguzi au mwalimu.

(e) Kisichowezekana. Ondoleo halilipi deni la ada ya shule. Ushauri nao hauondoi hatia. Kila kimoja kina kazi yake.

5. Mazoea yetu

Hapa Unyakyusa jambo la kusema yaliyo moyoni si geni. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti katika eneo letu kati ya mwaka 1934 na 1938, na katika vitabu vyake vya miaka ya 1950 Monica alieleza jinsi wazee wetu walivyoamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu inaweza kuleta ugonjwa katika ukoo. Kwa hiyo kabla ya tambiko, ndugu walitakiwa kutoa kinyongo chao kwa maneno, mbele ya wenzao. Bila hivyo tambiko halikuhesabiwa kuwa na nguvu. Lipo jambo la kujifunza hapo: mapatano ya kweli hayaji kwa kunyamaza. Lakini tuone pia kuwa lengo lilikuwa amani ya ukoo. Mnyonge mwenye siri ambayo haiwezi kusemwa mbele ya ukoo hakupata mahali pa kuipeleka.

Zoea la pili limetoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulipata nguvu Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka hiyo na kuenea katika makanisa yetu. Watu walisimama katika ushirika na kutaja dhambi zao hadharani. Wengi waliwekwa huru, walirudisha vitu walivyoiba na kupatana na majirani. Hata hivyo, ushuhuda wa hadharani una hatari yake. Anayeungama uzinzi mbele ya watu anamfunua pia mtu mwingine ambaye hakuomba kufunuliwa.

Zoea la tatu ni nidhamu ya kanisa na utaratibu wa kurudi kundini. Mtu aliyetengwa husimama mbele ya usharika ili apokelewe tena. Hili si maungamo ya faragha wala si ushauri. Ni la tatu, na lisichanganywe na hayo mawili. Jambo la kusikitisha ni pale binti anaposimama peke yake kwa sababu mimba inaonekana, na mwanamume anakaa kwenye benchi kwa sababu yeye haonekani.

6. Turudi kwa wale wanne

Mume wa kakao. Huyu amekuja na hatia, hata kama anasema amekuja kuomba ushauri. Kumwambia "pole baba, maisha ni magumu" ni kumnyima dawa. Aelekezwe kwa mchungaji aungame, na aungame pia kwa mkewe, maana ndiye aliyekosewa. Baada ya hapo ndipo ushauri unaanza: habari ya pombe, madeni, na namna mume na mke watakavyopanga fedha za msimu ujao pamoja. Zakayo katika Luka 19 hakuishia kwenye furaha ya kupokelewa. Alitaja na kiasi atakachorudisha.

Mjane. Huyu hana cha kuungama katika jambo alilolileta. Akiambiwa "samehe tu mama, mwachie Mungu", shamba litachukuliwa na watoto watalala njaa. Anahitaji kusikilizwa, na anahitaji kujua haki yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mshauri mwema humsindikiza hadi baraza la ardhi la kijiji au kwa msaidizi wa kisheria.

Kijana mwenye VVU. Swali la kwanza linalotujia mdomoni ni "Uliupataje?" Swali hilo tuliache. Huenda alizaliwa nao. Huenda aliupata ndani ya ndoa alimokuwa mwaminifu. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye Bwana akakataa kabisa hesabu hiyo. Kijana aunganishwe na kliniki ya huduma na matunzo, na asaidiwe kuendelea na dawa, ambazo zimetolewa bila malipo nchini tangu mwaka 2004. Kama mwenyewe ana jambo la kuungama, atalisema wakati wake, na mlango uko wazi. Lakini toba si badala ya dawa, na dawa si ushahidi wa kukosa imani.

Binti wa miaka 15. Hapa tusikosee hata kidogo. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtoto wa umri huo hahesabiwi kuwa ameridhia. Aliyefanya naye tendo hilo ametenda jinai. Kumsimamisha binti huyu atubu mbele ya usharika ni kumwadhibu aliyetendewa. Anachohitaji ni ulinzi, kliniki ya wajawazito, mtu mzima wa kumwamini, na matumaini ya shule. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Wazazi wengi bado hawajui, na mzee wa kanisa anaweza kuwa wa kwanza kuwaambia.

7. Siri na mipaka yake

Siri ni uti wa mgongo wa huduma zote mbili. Mzee wa kanisa anayesimulia aliyoambiwa, hata kama anasema "tumwombee ndugu fulani", amefunga mlango kwa watu kumi watakaokuja baadaye. Kuhusu VVU, hata sheria ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yalindwe kama siri.

Lakini siri ya ushauri ina mpaka. Mpaka huo ni uhai na usalama wa mtu, hasa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo mshauri asiahidi siri isiyo na mpaka. Aseme tangu mwanzo: "Haya tutakayozungumza yatabaki hapa, isipokuwa nikisikia kuna mtoto anaumizwa, au kuna mtu anataka kujiua au kuua. Hapo nitahitaji msaada wa wengine, na nitakuambia kwanza."

Wapo wanaouliza: je, mtoto akimwambia mchungaji kuwa anaumizwa nyumbani, si siri ya maungamo? Jibu ni hapana. Mtoto huyo hajaungama, kwa sababu hana dhambi katika jambo hilo. Ameomba msaada. Apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na simu ya bure 116 ipo kwa ajili ya watoto.

Na aliyemuumiza mtoto akija kuungama? Mchungaji amwonyeshe kuwa toba ya kweli huzaa matunda, na tunda la kwanza ni mtoto kuwa salama na yeye mwenyewe kujipeleka kwenye vyombo vya sheria, mchungaji akimsindikiza. Anayetaka kusamehewa huku akitaka kuendelea kukaa na mtoto yule hajatubu. Anatafuta mahali pa kujificha. Kanisa lisiwe maficho hayo.

8. Hatua kwa msikilizaji

• Tafuta mahali penye faragha lakini panapoonekana, kama baraza la nyumba au chini ya mwembe.
• Sikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua Biblia. Eliya alipewa mkate kwanza.
• Uliza kwa upole: "Mama, hili unalolisema, ni jambo ulilolitenda, au ni jambo ulilotendewa?" Wakati mwingine atajibu "yote mawili". Basi yatenganishe, moja baada ya jingine.
• Kama ni hatia, mwelekeze kwa mchungaji, na ukubali kumsindikiza. Usimlazimishe. Toba ya kulazimishwa ni maneno matupu.
• Kama ni jeraha, usimtafutie dhambi.
• Ukiona dalili za ugonjwa, mpeleke kituo cha afya. Kuomba pamoja naye hakuzuii safari hiyo.
• Usiandike majina wala usisimulie, hata kwa mwenzi wako.

Hitimisho

Wamoravian walipoanzisha misheni ya Ipyana mwaka 1894, mahali pale pakajulikana kwa neno ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Neema hiyo ina milango miwili. Mwenye hatia aingie kwa mlango wa maungamo, asikie kwamba amesamehewa. Mwenye jeraha aingie kwa mlango wa ushauri, asikie kwamba hayuko peke yake. Kazi yetu sisi tunaokaa mlangoni ni kumtambua anayebisha, na kumfungulia mlango ulio wake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kati ya Daudi na Eliya, ni nani anafika kwenu mara nyingi zaidi? Mnamtambuaje?
2. Katika usharika wenu, utaratibu wa kurudi kundini unawahusu wanawake na wanaume kwa usawa? Wasichana walio chini ya miaka 18 wanatendewaje?
3. Ni nani katika mtaa wenu anayeaminika kutunza siri? Kama hayupo, mtafanya nini?
4. Andikeni namba za simu za afisa ustawi wa jamii wa kata, kituo cha afya na Dawati la Jinsia na Watoto. Ni nani atazitunza?

Sala: Bwana Yesu, uliyemsamehe mwenye dhambi na kumgusa mgonjwa, utupe masikio ya kusikia na midomo inayotunza siri. Utufundishe kutowabebesha mizigo wale uliotutuma tuwatue. Amina.